Barabara Inapokata Mlima: Kwa Nini Udongo Huanguka na Namna ya Kuuzuia



Sisi tunaofanya kazi katika mashamba ya chai ya milimani, kusini-magharibi ya Uganda, twaijua vizuri miezi ya Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Ndiyo miezi ya majani mengi, na ndiyo miezi ya barabara kufungwa. Asubuhi lori la majani haliendi kiwandani kwa sababu kilima kimeshuka usiku. Majani yanalala katika magunia, yanachemka na kuharibika, na kiwanda kinangoja. Halafu nyapara anakuja na kuita watu 10 wenye majembe na koleo: "Nendeni mkafungue barabara."

Wengi wetu tumekwenda kazi hiyo bila kuuliza neno. Mwaka mmoja wenzetu walikuwa siku ya pili wakiondoa udongo chini ya ukuta ulioanguka. Mvua ilikuwa imekwisha, jua lilikuwa linawaka, na kila mtu alidhani hatari imepita. Ukuta ukashuka mara ya pili. Watatu walifunikwa, wawili mpaka kiunoni na mmoja mpaka shingoni. Tuliwachimbua kwa mikono, maana tuliogopa kuwakata kwa majembe. Wote walitoka hai, lakini mmoja mguu wake haukupona sawasawa, na leo hawezi kubeba kikapu. Hakuna aliyetueleza kabla ya hapo kwamba udongo tuliokuwa tukiuondoa ndio uliokuwa ukizuia mlima.

Kwa hiyo makala hii ni ya kueleza jambo hilo. Hatutaki kila mfanyakazi awe mhandisi. Twataka kila mfanyakazi aweze kuutazama ukuta wa udongo ulio juu ya kichwa chake na kujua kama ulikatwa vema au vibaya.

MLIMA UNASIMAMA KWA NINI?

Udongo wa mlima ni mzigo mzito. Mita moja ya ujazo, yaani kisanduku chenye urefu, upana na kimo cha mita moja, ina uzito wa tani moja na nusu hadi mbili. Mzigo huo daima unavutwa kwenda chini bondeni. Hauendi kwa sababu tatu. Kwanza, chembe za udongo husuguana na kushikana. Pili, mizizi huzifunga. Tatu, udongo wa chini huuegemeza ule wa juu, kama mtu aliye nyuma ya foleni anavyozuiwa na aliye mbele yake.

Maji huharibu mambo hayo. Chukua mchanga mkavu uumwage: utatambaa. Ulowanishe kidogo: utaweza kuufinyanga usimame. Uujaze maji: utatiririka kama uji. Udongo wa mlima ni vivyo hivyo. Unyevu kidogo huufanya ushikane, lakini maji yakijaa katika matundu yake husukuma chembe zisigusane, na wakati huohuo huongeza uzito wa mzigo. Nguvu ya kushika inapungua na mzigo unazidi. Ndiyo maana ukuta uliokatwa wima wakati wa kiangazi waweza kusimama miezi mingi, watu wakausifu, kisha ukaanguka katika wiki ya kwanza ya mvua kubwa. Haukuwa imara. Ulikuwa mkavu tu.

Hatusemi kwamba kila mporomoko huletwa na barabara. Tarehe 1 Machi 2010, huko Nametsi katika wilaya ya Bududa kwenye mlima Elgon, mteremko ulishuka juu ya vijiji na watu zaidi ya 300 walikufa au hawakuonekana tena. Novemba 2019, Pokot Magharibi nchini Kenya, watu zaidi ya 50 walikufa usiku mmoja. Mei 2023, kaskazini na magharibi ya Rwanda, mafuriko na maporomoko yaliua watu kama 130. Hizo zilikuwa mvua kubwa juu ya miteremko mikali. Lakini wachunguzi waliopima miteremko ya Elgon baada ya mvua za El Niño za 1997 walikuta kwamba, pamoja na mvua na aina ya udongo, kuchimba mteremko kwa ajili ya nyumba na njia ni jambo mojawapo linaloudhoofisha. Mvua hatuwezi kuizuia. Uchimbaji ni kazi ya watu, na kazi ya watu yaweza kufanywa vizuri.

BARABARA HUCHUKUA NINI?

Ili kupata mahali tambarare pa kupitisha lori, twakata mguu wa mlima. Ukuta unaobaki upande wa juu ndio tunaouita mkato. Mguu ule ulikuwa ukiegemeza udongo wote wa juu. Ukishaondolewa, mlima una deni, na anayetengeneza barabara lazima alilipe: kwa kuulaza mkato, au kwa kujenga ukuta, au kwa kuondoa maji, na mara nyingi kwa yote matatu.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme barabara ina upana wa mita 5, yote imechimbwa ndani ya mlima, na mteremko una nyuzi 30. Ukikata wima, mkato utakuwa na kimo cha karibu mita 3. Lakini udongo hauwezi kukaa wima kwa miaka mingi. Basi tuulaze moja kwa moja, maana yake kila mita moja kwenda juu, mkato urudi nyuma mita moja. Sasa mkato utapanda karibu mita 7 kabla ya kukutana na uso wa mlima, na kila mita moja ya urefu wa barabara itatoa mita za ujazo kama 17 za udongo.

Sasa tuichukue barabara hiyohiyo tuipeleke kwenye mteremko wa nyuzi 40. Tukiulaza mkato moja kwa moja, utapanda mita 26 kabla ya kukutana na uso wa mlima! Udongo wa kutoa utakuwa mita za ujazo 65 kwa kila mita ya barabara, yaani tani 100 hivi au zaidi. Katika mahali hapo, kila mita moja tunayoongeza kwenye upana wa barabara yaongeza zaidi ya mita 5 kwenye kimo cha mkato.

Hesabu hii yatufundisha mambo mawili. La kwanza: katika mteremko mkali barabara iwe nyembamba, na kila baada ya umbali fulani pawe na mahali pa kupishana. Anayetaka barabara pana ili magari yakimbie analipa kwa mlima mzima. La pili: kuna mahali ambapo kulaza peke yake hakutoshi, na dawa ni kujenga ukuta au kuhamisha njia kabisa.

KABLA YA JEMBE LA KWANZA

Fundi mwema hutembea kwa miguu kabla ya kuita katapila. Hutafuta dalili za mlima uliokwisha kusogea zamani: mteremko wenye umbo la bakuli, ardhi ya mafundomafundo, miti iliyopinda shina karibu na ardhi, chemchemi katikati ya mteremko, mahali penye matete ambapo hapakutazamiwa maji. Wazee wa kijiji waulizwe, maana wao wanakumbuka mlima ulishuka wapi. Kupitisha njia upande mwingine wakati ingali karatasini ni rahisi kuliko kujenga ukuta baadaye.

Aina ya ardhi nayo itazamwe. Udongo mwekundu mgumu hushikana vizuri, na mkato mfupi usiozidi mita 2 au 3 huweza kuachwa karibu wima. Mwamba mzima usio na nyufa huweza kukatwa wima zaidi tena juu zaidi. Lakini mfinyanzi uliolowa, na udongo wa zamani ulioporomoka ukatulia, unahitaji kulazwa sana. Katika nchi ya Kigezi na Rwanda tuna miamba ya tabaka inayopasuka kama kurasa za kitabu. Hapo lazima mtu atazame kurasa zinalala upande gani. Zikiinama kuelekea ndani ya mlima, hali ni afadhali. Zikiinama kuelekea barabarani, ni kama mabati yasiyopigwa misumari juu ya paa: ukiondoa la chini, ya juu yanateleza yote.

NGAZI, KAMA WAZEE WETU

Mkato mrefu haufai kuwa ukuta mmoja. Hukatwa kwa ngazi: panda mita 5 hadi 7, acha kibaraza cha upana wa mita 2 au 3, kisha panda tena. Kibaraza hupunguza mbio za maji, hushika mawe yanayodondoka yasifike barabarani, na humpa mfanyakazi mahali pa kusimama anapotengeneza. Kila kibaraza kiwe na mtaro wake wa kutoa maji pembeni. Kibaraza kisicho na mtaro hukusanya maji kama sinia, nayo yakaingia ndani ya mlima.

Jambo hili si geni kwetu. Vilima vya Kigezi vimekatwa matuta ya ngazi tangu miaka ya 1940, na kila mkulima ajua kwamba ukingo wa tuta ukilimwa, tuta huanguka. Barabara ni tuta kubwa tu.

MAJI NDIYO ADUI WA KWANZA

Tukiambiwa tuchague jambo moja tu la kufanya, tungechagua mitaro. Iko ya namna tatu.

1. Mtaro wa juu. Huchimbwa mita 3 hadi 5 nyuma ya ukingo wa juu wa mkato, ili kukamata maji ya mlima kabla hayajafika ukutani. Uwe umejengwa kwa mawe na saruji au udongo ulioshindiliwa vizuri, na upeleke maji mpaka kwenye kijito cha asili. Mtaro wa juu ulioachwa ukapasuka ni mbaya kuliko kutokuwa na mtaro, maana hunywesha mlima mahali palepale panapoumwa.

2. Mtaro wa kando ya barabara. Huu uko chini ya mkato. Usichimbwe kwa kina kila mwaka mpaka ukala mguu wa ukuta. Tumewaona madereva wa greda wakisafisha mtaro na kukwangua mguu wa mkato kwa nusu mita kila safari. Wanafikiri wanasafisha, kumbe wanachimba shimo chini ya mlima.

3. Kalvati. Maji ya mtaro wa kando lazima yavuke barabara mahali pengi, yasikusanywe yote mahali pamoja. Pale yanapotokea upande wa chini, pawekwe mawe, la sivyo yatachimba korongo, na korongo litapanda mpaka kuila barabara.

Maji yaliyo ndani ya ukuta nayo yapewe njia. Panapotoka chemchemi, weka mabomba yenye matundu au mfereji wa kokoto. Ukuta wa mawe na saruji usio na matundu ya kutolea maji ni bwawa lisilojulikana kuwa ni bwawa.

UKUTA NA MAJANI

Mahali pasipoweza kulazwa hujengwa ukuta wa kuegemeza. Katika nchi zetu ukuta unaofaa mara nyingi ni wa vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Kikapu cha kawaida kina urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kimo cha mita 1. Hupitisha maji, hujipinda kidogo bila kuvunjika, na hujengwa na watu wa hapahapa. Lakini una masharti yake. Msingi ushuke mpaka kwenye ardhi ngumu. Upana wa chini usipungue nusu ya kimo. Mawe yapangwe kwa mkono, yasimwagwe kwa karai. Nyuma yake pawekwe kokoto au mawe madogo. Ukuta uliokaa juu ya udongo laini huanguka pamoja na mlima wenyewe.

Uso wa mkato ufunikwe kwa majani. Vetiva hupandwa kwa mistari ya kukingama mteremko, na mizizi yake hushuka mita 2 hadi 3. Lakini majani huzuia udongo wa juujuu tu. Mporomoko unaoanzia mita 5 chini haujali majani. Na mikaratusi mikubwa isiachwe ukingoni mwa mkato, kwa kuwa upepo huitikisa nayo hufungua udongo. Ikatwe, visiki vibaki, na majani yapandwe mara moja, kwa sababu mizizi ya mti uliokatwa huoza baada ya miaka michache.

UDONGO ULIOCHIMBWA UENDE WAPI?

Kosa kubwa la wenye haraka ni kusukuma udongo wote uanguke upande wa chini. Ni rahisi, maana halihitajiki lori. Lakini udongo ule uliolegea unakaa juu ya mteremko mkali kama mzigo usiofungwa, na mvua ikija unashuka juu ya chai, juu ya mto, au juu ya kambi za wafanyakazi. Mara nyingi kambi zetu zimejengwa bondeni karibu na maji, chini kabisa ya barabara. Basi tuulize mapema: udongo utapelekwa wapi? Pawe na mahali palipochaguliwa, tambarare, mbali na kijito, na ushindiliwe.

UKUTA UKISHAANGUKA

Sasa twarudi kwa wale watu 10 wenye majembe. Udongo ulioanguka na kulala mguuni mwa mkato umekuwa mguu mpya wa mlima. Ndio unaoegemeza ule uliobaki juu, ambao sasa umepasuka na umejaa maji. Ukiuondoa kwa chini, unaondoa kigingi. Tena maji ya ndani ya mlima hayaishi siku mvua inapokoma, bali huendelea kushuka siku kadhaa. Jua si ushahidi wa usalama.

Kwa hiyo kazi ya kufungua barabara ifanywe hivi:

(a) Mtu mwenye ujuzi apande kwanza juu ya mkato akatafute nyufa, hasa ufa wenye umbo la mwezi mwandamo. Ufa ukionekana, pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, upime nafasi yake asubuhi na jioni. Nafasi ikiongezeka, mlima unatembea, na hakuna mtu wa kukaa chini yake.

(b) Maji ya juu yageuzwe kwanza, na ufa uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi au ufunikwe kwa turubai.

(c) Udongo uliolegea uondolewe kuanzia juu kwenda chini. Ni marufuku kuchimba chini ya ukuta unaoning'inia.

(d) Ikibidi kupitisha magari upesi, ondoa udongo kidogo tu wa upande wa nje, na uache uliolala mguuni mwa ukuta mpaka ukuta wa kuegemeza ujengwe.

(e) Mlinzi mmoja asimame mahali salama akitazama juu, mwenye filimbi, asiwe na kazi nyingine. Njia ya kukimbilia ijulikane kwa wote. Kazi isifanywe usiku wala wakati wa mvua.

Dalili za kuacha kazi mara moja ni hizi: vijiwe kudondoka bila kuguswa, mguu wa ukuta kuvimba, maji ya chemchemi kugeuka tope au kukatika ghafula, mti au nguzo kuanza kuinama, sauti ya mizizi kukatika.

HAKI YETU

Wengine watasema, "Nikikataa nitafukuzwa." Ndugu, sheria haiko kimya. Nchini Uganda iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006, inayomtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Mkataba namba 155 wa 1981 wa Shirika la Kazi Duniani unasema kwamba mfanyakazi aliyeondoka kazini kwa sababu ya maana, akiamini kuna hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha au afya yake, lazima alindwe asipate adhabu isiyo ya haki. Mkataba namba 167 wa 1988, juu ya kazi za ujenzi, unataka tahadhari za kutosha zichukuliwe kila panapochimbwa ardhi, ili udongo au mawe yasiwaangukie wafanyakazi. Mkataba namba 184 wa 2001 unawahusu wafanyakazi wa mashambani moja kwa moja. Na Juni 2022, mahali pa kazi penye usalama na afya paliingizwa katika haki za msingi za kazi, ambazo kila nchi mwanachama yapaswa kuziheshimu.

Lakini haki iliyoandikwa haichimbi mtu aliyefunikwa. Kila tawi lichague watu wawili watakaotembea barabara zote za shamba mwezi mmoja kabla ya mvua, watazame mitaro ya juu, kalvati na nyufa, waandike, na kupeleka orodha kwa meneja kwa barua yenye nakala kwa chama. Mtaro uliozibuliwa mwezi wa Februari ni kazi ya siku moja ya watu wanne. Mtaro ulioachwa waweza kuleta kazi ya mwezi mzima, na pengine msiba.

Siku nyapara akija kuita watu 10, jibu liwe moja kutoka kwa wote 10, kwa adabu lakini bila kuyumba: "Tutakwenda. Lakini kwanza nani amepanda juu kutazama?"